Mbegu imekuwa huru. Sasa tuzungumzie shamba ilikotoka

Tangu Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake mwishoni mwa Novemba 2025 na kubatilisha vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomgeuza mkulima kuwa mhalifu kwa kuuza au kubadilishana mbegu ya akiba yake, watu wa Malindi na viunga vyake wanaoishi kwa jembe wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasherehekea, na wana haki ya kusherehekea, kwa maana kesi hiyo ilifunguliwa na wakulima wadogo 15, na adhabu waliyoipinga ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni 1, fedha ambazo mkulima wa kunde wa Marafa hatazishika kwa pamoja maishani mwake. Wa pili wanaonya kwamba mlango umeachwa wazi kwa mbegu hafifu, magonjwa na matapeli wa sokoni. Naona pande zote mbili zinausoma uamuzi huo vibaya, kwa sababu zote zinabishana kuhusu mahali mbegu ilipopatikana, dukani au uchagani, ilhali swali lenye uzito kwa mazao ya jamii ya mikunde ni mbegu hiyo ilivunwa katika shamba gani na udongo wa shamba hilo umebeba nini. Ushahidi wangu ni mmea mdogo wa maua ya manjano ambao wengi wetu tunaukanyaga bila kuujua.

Mmea huo, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya kunde na kuinyonya, kwa jina la kitaalamu ni Alectra vogelii, na hapa nitauita kiduha cha kunde, kwa kuwa ni ndugu wa kiduha cha mahindi tunachokijua. Wote wawili wamo katika ukoo mmoja wa mimea, Orobanchaceae, uliopewa jina kutokana na vimelea vya Orobanche vinavyoshambulia maharagwe makubwa, dengu na njegere katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Tofauti iliyopo kati yao ni ya kiwango cha utegemezi. Orobanche haina rangi ya kijani hata kidogo, haiwezi kujitengenezea chakula kwa jua, na kila inachokula imekifyonza kutoka kwenye mzizi wa mmea ulioikaribisha bila kupenda. Kiduha cha mahindi na kiduha cha kunde vina majani ya kijani, hivyo hujisaidia kidogo, lakini havina mizizi ya kuwatosha na bila mwenyeji hufa. Kwa mkulima tofauti hiyo haina faraja kubwa, maana maji, madini na chakula vinavyonyonywa ni vile vile ambavyo vingejaza maganda ya kunde.

Inafaa kueleza kwa utulivu jinsi mdudu huyu asiye mdudu anavyofanya kazi, kwa sababu makosa yetu mengi yanatokana na kutojua kalenda yake. Shina moja la kiduha cha kunde huweza kutoa mbegu laki kadhaa, na kila mbegu ni chembe iliyo chini ya nusu milimita, ambayo ikimwagika kiganjani utadhani ni vumbi. Mbegu hizo haziamki ovyo. Hukaa ardhini miaka mingi, pengine zaidi ya kumi, zikisubiri kwanza udongo ulowe kwa siku kadhaa, kisha zisubiri mzizi wa mmea unaofaa upite karibu nazo, umbali wa milimita chache tu. Mzizi huo hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, na mbegu ya kimelea ikizihisi huchipua, huelekea kwenye mzizi, hujishikiza na kupenya hadi kwenye mishipa ya maji na chakula. Isipoufikia mzizi ndani ya siku chache huishiwa na akiba yake na kufa. Ikiufikia, huendelea kukua chini ya ardhi kwa wiki nyingi kabla ya kuonyesha shina juu, na hasara kubwa kuliko zote hufanyika katika wiki hizo ambazo mwenye shamba haoni chochote.

Kemikali ya kwanza ya aina hiyo ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka 40 wanasayansi walibaki wakijiuliza kwa nini mmea utoe kitu kinachomwita adui wake. Jibu lilipatikana mwaka 2005, ilipobainika kwamba kemikali hizo hizo huwaita kuvu wa ardhini wanaoishi na mizizi kwa ushirikiano na kuisaidia kufyonza fosforasi. Mmea ukikosa fosforasi huita kwa nguvu zaidi, na kimelea kimejifunza kudukua wito huo. Jambo hili litatufaa tukifika kwenye hoja ya ukame, kwa kuwa udongo wetu wa mchanga kuanzia Gongoni hadi Langobaya hausifiki kwa rutuba.

Kabla ya hapo tutazame wenzetu walipofikia. Misri, ambako maharagwe makubwa ndiyo chakula cha asubuhi cha tajiri na maskini, imepambana na Orobanche crenata kwa vizazi, na mafanikio yake makubwa yalitokana na kuchagua mimea iliyosimama imara katika mashamba yaliyochafuka, hadi ikapatikana aina iitwayo Giza 402 inayostahimili kimelea hicho. Morocco nayo imeathirika sana. Nchini Ethiopia kimelea hicho hicho kimeingia katika nyanda za Tigray na Amhara, na wapo wakulima walioacha kabisa kupanda maharagwe hayo, dengu na njegere katika mashamba yaliyokuwa yakiwalisha. Sitaji nchi hizi kwa kutaka kuwatisha watu, kwa maana Orobanche crenata hupenda hali ya hewa ya baridi kiasi na sioni itafanya nini Malindi. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha mwendo wa ugonjwa wa aina hii: huanza na mashamba machache ambayo wenyewe wanaona haya kuyataja, huenea kimyakimya kwa miaka kadhaa, na unapofika wakati wa kuitwa janga, udongo tayari umejaa mbegu za kuwasumbua wajukuu.

Hapa kwetu kimelea kinachojulikana ni kiduha cha mahindi, Striga asiatica, chenye maua madogo mekundu, ambacho kimeukalia ukanda wa Kwale na Kilifi kwa muda mrefu. Ushauri ambao mkulima amepewa dhidi yake ni kuchanganya au kubadilisha mahindi na kunde, pojo au mazao mengine ya mikunde, na ushauri huo una msingi wa kweli. Mizizi ya baadhi ya mikunde huamsha mbegu za kiduha cha mahindi bila kukilisha, zikafa bure, na mikunde huongeza naitrojeni ardhini. Magharibi mwa Kenya wazo hilo limefanyiwa kazi vizuri na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, waliopanda desmodiamu, nayo ni ya jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi na kukidhoofisha kiduha. Tatizo la ushauri huu ni kwamba umesikika masikioni mwa watu ukiwa nusu. Mkulima ameelewa kwamba mikunde ni dawa, na dawa haiugui.

Msimu mmoja wa vuli nilisimama katika shamba la mama mmoja nyuma ya Marafa, mahindi na kunde zikiwa zimepandwa pamoja kama ilivyo desturi, na kunde zimenyong'onyea saa nne asubuhi ilhali mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Nilipomuuliza kama ni kiduha alicheka. “Mwanangu, kiduha ni cha mahindi, hakili kunde. Hizi zimechomwa na jua.” Tulichimba shina moja polepole pamoja na bonge lake la udongo, tukaliloweka ndani ya karai na kuliosha. Mizizi ya kunde ilikuwa imepauka, na mahali pawili palikuwa na uvimbe ambapo kitu kingine kilikuwa kimeng'ang'ania, chenye vishina vya chini vya rangi ya chungwa iliyokolea, ncha zake zikiwa bado hazijatoboa udongo. Rangi hiyo ndiyo alama yake. Hakuna jua linalopaka mizizi rangi ya chungwa, na mama mwenyewe, baada ya kuigusa kwa kidole, aliagiza mwanawe aende akachimbe shina jingine upande wa pili wa shamba.

Shamba kama hilo linaeleza udhaifu wa ushauri wa nusu kuliko mhadhara wowote. Mahindi hayakilishi kiduha cha kunde, na kunde hazikilishi kiduha cha mahindi, kwa hiyo anayebadilisha mazao hayo mawili msimu kwa msimu anampunguzia kila adui chakula kwa muda. Lakini anayeyapanda kwa pamoja kila msimu, katika udongo ulio na vimelea vyote viwili, hakuna msimu hata mmoja ambao kiduha cha kunde kinalala na njaa. Kilimo cha mseto kina faida zake na sitarajii mtu mwenye ekari mbili aache kupanda kunde katikati ya mahindi kwa sababu nimeandika makala. Ninachosema ni kwamba maafisa wa kilimo wanaposifu mseto kama tiba ya kiduha, wana wajibu wa kumaliza sentensi.

Turudi sasa kwenye uamuzi wa mahakama na wanaoulalamikia. Hoja yao bora kabisa nitaieleza jinsi wangependa ielezwe. Mbegu iliyoidhinishwa hukaguliwa ikiwa bado shambani, na mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea na ubora wa mbegu, anayetembea katikati ya mistari anaweza kuona magugu ambayo hakuna jicho litakaloyaona ndani ya gunia. Mbegu ya jirani haijapitia jicho hilo. Kwa kimelea ambacho mbegu yake ni vumbi, ukaguzi wa shambani ndio kinga pekee yenye maana, na mfumo usio na ukaguzi unaweza kusambaza tatizo kutoka kata moja hadi nyingine kwa kikombe kimoja cha kunde. Hoja hii ni nzito na wanaosherehekea hawajaijibu.

Hata hivyo, inabeba dhana mbili zisizosimama. Ya kwanza ni kwamba marufuku ilikuwa ikiizuia mbegu ya kunde kutembea. Kunde hujichavusha zenyewe, hivyo mkulima akihifadhi mbegu yake anapata zao lile lile mwaka unaofuata, na kampuni ya mbegu haina sababu kubwa ya kibiashara ya kumfuata na pakiti za kunde kama inavyomfuata na za mahindi chotara. Sehemu kubwa ya kunde na pojo zinazopandwa pwani hutoka uchagani, kwa jirani au sokoni, zilitoka humo kabla ya sheria na wakati wa sheria. Pojo za Ukambani huuzwa huku kama chakula, na mvua ikiwahi, mtu asiye na mbegu hununua kilo mbili za chakula na kuzipanda. Ikumbukwe kwamba kaunti za Kitui, Makueni na Machakos ni miongoni mwa maeneo ambako kiduha cha kunde kinajulikana zaidi nchini. Sheria iliyomtishia bibi anayemgawia mkwewe mbegu haikuwahi kulikagua gunia hilo la chakula hata mara moja.

Dhana ya pili ni kwamba mbegu ndiyo gari kuu la kimelea hiki. Kwa kunde zinazochumwa maganda kwa mkono, juu ya mmea, bila kung'oa mashina, vumbi la kimelea linaloingia ndani ya mbegu huwa dogo. Hatari huongezeka mkulima anapong'oa mimea mizima pamoja na magugu yake na kuipura uwanjani. Lakini hata hapo mabua ndiyo yanayobeba zaidi, na mabua ya kunde yana soko lake kama chakula cha mbuzi na ng'ombe. Mbegu za vimelea vya ukoo huu huweza kupita katika tumbo la mnyama na kutoka zikiwa hai, zikarudi shambani ndani ya samadi. Huenda pia kwa tope linaloganda kwenye jembe la trekta la kukodi, na kwa maji yanayoteremka mteremkoni wakati wa mvua za mwaka. Mwenye kutaka kuuzuia mwendo huu wote kwa kuichunga pakiti ya mbegu peke yake amefunga dirisha na kuacha ukuta mmoja haupo.

Upande wa wanaosherehekea nao una hoja bora na hoja dhaifu. Iliyo bora wanaitumia kwa nadra sana, nami nawashangaa. Kinga maarufu zaidi ya kunde dhidi ya vimelea hivi haikubuniwa na kampuni yoyote. Ilipatikana katika kunde ya kienyeji kutoka Botswana, mbegu ya wakulima iliyopewa na watafiti namba B301, ambayo iligunduliwa kuwa na ukinzani dhidi ya kiduha cha kunde na pia dhidi ya Striga gesnerioides, kimelea kinachoziangamiza kunde za Afrika Magharibi. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, iliitumia kuzalisha aina nyingine nyingi. Kwa majirani zetu wa Tanzania, kituo cha utafiti cha Ilonga kule Kilosa nacho kimefanya kazi ya kuzalisha kunde zinazokistahimili kiduha hiki. Kama mkulima wa Botswana angekuwa ametishwa kwa faini asiihifadhi mbegu yake isiyo na cheti, watafiti wangekuwa na kitu gani cha kuchunguza? Mbegu za kienyeji za Magarini, Ganda na Witu ni hazina ya aina hiyo, na hakuna anayejua iliyomo ndani yake mpaka ipandwe katika udongo uliochafuka na kuangaliwa.

Hoja yao dhaifu, ambayo ndiyo inayosikika kila mahali, ni kwamba mbegu ya asili haiugui kwa sababu imezoea ardhi yake. Laiti ingekuwa hivyo. Kiduha cha kunde nacho ni cha asili, kimeishi Afrika pamoja na kunde kwa muda ambao hakuna anayeweza kuuhesabu, na kama kunde imejifunza kujikinga, kimelea kimejifunza kuivunja kinga. Hata B301 yenyewe si ngao ya kila mahali, kwa kuwa upande wa kusini mwa bara hili zimepatikana jamii za kiduha hicho zinazoishambulia. Kwa hiyo mbegu inayosimama vizuri Mpeketoni inaweza kuanguka Kakuyuni, na aliyeileta hatakuwa amedanganya mtu. Uasilia ni mahali pa kuanzia kutafuta kinga, na anayeuuza kama cheti cha afya anafanya kosa lile lile la anayeuza lebo ya dukani.

Kuna hoja ya tatu ambayo haiko upande wowote wa kesi na ambayo naiona kuwa dhaifu kuliko zote, nayo ni kwamba tatizo la kunde zetu ni mvua tu, na mvua ikikaa sawa mengine yatajirekebisha. Baada ya ukame wa misimu mfululizo uliolimaliza eneo hili hadi mwaka 2022, naelewa kwa nini kila jani la manjano linasomwa kuwa kiu. Lakini mmea ulionyonywa na kimelea huonyesha dalili za kiu kwa sababu ni kweli una kiu: maji yanaporwa kabla hayajafika majani. Mvua nzuri huulowesha udongo na kuziandaa mbegu za kimelea kuchipua pamoja na zao, hivyo haimwondoi adui. Ukosefu wa rutuba nao hukoleza wito wa mizizi nilioueleza, na katika mashamba mengi mbolea ya ruzuku ikifika huenda kwenye mahindi, huku kunde zikiachwa zijitafutie. Kuna mkulima aliyebadilisha mbegu mara kadhaa akilaumu kila duka, na aliyebadilisha shamba akilaumu uchawi, kabla hajang'oa shina moja na kutazama chini yake. Uchawi sitaugusa, lakini hatua ya kung'oa shina ni ya bure na huchukua dakika chache.

Swali la kufanya nini lina majibu machache kuliko ambavyo ningependa. Dawa za kuua magugu hazina msaada wa maana kwa mkulima mdogo wa kunde. Zile zilizotumika kwa maharagwe ya Mediterania hutaka kipimo kidogo sana kwa siku maalumu, na ukikosea kidogo unaua zao lenyewe, ilhali mahindi yaliyopakwa dawa kwa ajili ya kiduha cha magharibi mwa Kenya hayahusiani na kunde. Kung'oa kimelea kilichokwisha kutoka juu hakurudishi mavuno ya msimu huo, na ndiyo maana wengi huona ni kazi bure. Hata hivyo, kikiachwa kitoe mbegu, shina moja linatosha kulichafua eneo kubwa kwa miaka mingi, kwa hiyo king'olewe maua yanapoanza kufunguka, kisitupwe kando ya shamba wala kupewa mbuzi, kikusanywe na kuchomwa moto. Kuacha kupanda mazao yanayokilisha kwa misimu kadhaa mfululizo husaidia kuliko mzunguko wa msimu mmoja mmoja, na katika mazao hayo wamo njugu mawe, karanga, soya na pojo, si kunde peke yake. Wakulima wa Lamu bara wana unafuu ambao sisi wa Malindi tumeuacha upotee: bado wanalima pamba na ufuta, mazao ambayo yote mawili huamsha mbegu za kiduha cha mahindi bila kukilisha na hayamo katika orodha ya mikunde, hivyo kuyaingiza katika mzunguko hulipumzisha shamba dhidi ya vimelea vyote viwili.

Lamu, hata hivyo, ina hatari yake. Mashamba ya Mpeketoni na Hindi yamekaliwa na watu waliohamia kutoka sehemu nyingi za nchi tangu mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulipoanzishwa miaka ya 1970, na watu huhama na mbegu zao, kama ilivyo kawaida ya mkulima popote duniani. Barabara ya lami ya kutoka Garsen imerahisisha safari ya magunia na ya mifugo. Marekani ilikigundua kiduha cha mahindi katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, ikaweka karantini, ikatoa gesi ya ethilini ardhini kuziamsha mbegu zife, na ikaendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa kwa fedha za serikali kuu. Sisi hatutakuwa na gesi wala miongo ya bajeti, kwa hiyo thamani ya kulijua shamba lililochafuka mapema ni kubwa zaidi kwetu kuliko ilivyokuwa kwao.

Hapo ndipo uamuzi wa mahakama unapopata maana ambayo pande zote mbili zimeikosa. Biashara ya mbegu iliyokuwa ya kujificha sasa inaweza kufanywa mchana, na kinachofanywa mchana kinaweza kuandikwa. Vikundi vya wakulima na benki za mbegu za vijijini vinaweza kuweka daftari lenye safu chache: mbegu ni ya nani, imevunwa shamba gani, ilichumwa kwa maganda au ilipurwa, na shamba hilo lilionekana na kiduha wakati wa maua au la. Mbegu ya shamba lililoonekana nacho isitolewe nje ya shamba hilo, na ipepetwe huko huko juu ya turubai, vumbi lake lichomwe. Hakuna haja ya maabara kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa kuitambua rangi ya chungwa, na wakaguzi wa kujitolea wanaweza kupatikana kijijini, wakawa na jicho lile lile ambalo watetezi wa sheria ya zamani walidai kwamba ni dukani tu lilipo.

Serikali za kaunti za Kilifi na Lamu zina kazi mbili ambazo vikundi haviwezi kuzifanya peke yao. Moja ni kuacha kugawa mbegu za msaada wa ukame bila kuuliza zilivunwa wapi, kwa sababu gunia la msaada huenda mbali kuliko kikombe cha jirani na hupandwa siku moja na mamia ya watu. Nyingine ni kuvipeleka vikombe vya mbegu za kienyeji kwa watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, walioko Mtwapa, zipandwe kwenye vyungu vya udongo uliochafuliwa makusudi, mbegu ya kila kijiji kando ya mwenzake, ionekane ipi inabeba kimelea na ipi inakikataa. Jaribio la namna hiyo ni la gharama ndogo, na mashina yatahitaji kuchimbwa na kuoshwa ndani ya msimu mmoja tu ili kupata jibu la kwanza. Kunde zikipandwa mvua za mwaka zinapoanza, wiki ya sita hadi ya nane ndiyo ya kupita shambani na karai la maji. Vikundi vitakavyokuwa vimeandika daftari kabla ya hapo vitajua mbegu za nani zitangulie kwenda Mtwapa, na mashamba ya nani yapumzishwe kunde vuli itakapofika.